Alilala Bafwasende

Kama uliishi Kisangani miaka ile ya vita, ulimsikia Adeline Kaswera kabla hujamwona. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, sauti ya mwanamke asiyeharakishwa na mtu, na ilitoka kwenye foni ya Papa Emile kule Makiso, nyuma ya maduka ya vitenge. Foni ni ile redio ya kuitana na watu wa mbali, yenye waya uliotandazwa juu ya bati na betri ya lori chini ya meza. Barabara zilikuwa zimefungwa, simu zilikuwa zimekufa. Aliyetaka kujua kama mume wake amefika Bafwasende, au kama mama yake amepona kule Butembo, alikuja kukaa kwenye benchi la Adeline na kungoja zamu yake.

Na huyo mama alikuwa na kichwa, nakuambia. Kuandika kulikatazwa pale, kwa sababu askari wakikuta karatasi yenye majina na njia za watu wanataka maelezo, na maelezo yenyewe hayaishi hata ueleze mpaka jioni. Kwa hiyo kila kitu kilikaa kichwani mwake. Watu arobaini kwa siku, nani alimwambia nani nini, mtoto gani ana surua, mzigo gani wa chumvi umelowa, na hakuwahi kuchanganya hata jina. Alijivuna kwa hilo, tusifiche. Mtu akimuuliza kama kweli hatasahau, alimtazama kama ametukanwa.

Foni ile ilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudia. Neno likifika, Adeline analirudisha lilikotoka mara tatu, na yule wa upande wa pili anaitikia mara tatu ndipo linapokewa. Ya pili ilihusu msiba. Pale hapakusemwa kwamba mtu amekufa, maana benchi lote lilikuwa linasikia, na hakuna mke anayestahili kuambiwa habari kama hiyo na sanduku linalokoroma. Waliosema walisema mtu "alilala". Adeline alielewa, alinyamaza, akafunga kazi, akaenda mwenyewe kwa mkubwa wa familia kumwambia polepole.

Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Adeline, mume wake Octave na binti yao Glodie walilala kifudifudi kwenye ujia wa nyumba siku zote hizo, na godoro juu yao. Adeline ndiye aliyesikiliza. Bomu likitoka upande wa uwanja wa ndege alijua, likitoka ng'ambo ya mto alijua, na alisema "sasa" au "bado", na Octave alimtii. Wote watatu walitoka wazima. Jirani wa kushoto hakutoka. Kwa hiyo usimwambie Adeline kwamba masikio yake hayakuwa na faida.

Shida ni kwamba masikio hayo hayakurudi nyumbani. Vita vya mjini vilikwisha, watu wakaziba matundu ya kuta kwa udongo, waendesha toleka wakarudi na abiria wao nyuma ya baiskeli, na Adeline akawa kila siku anapanda kitandani saa mbili usiku, anajifunika, na kusikiliza. Mbwa akibweka, moyo unaruka. Lori likipita mbali, anahesabu magurudumu. Octave, ambaye ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko na anaweza kusinzia hata amesimama, alikoroma pembeni yake mpaka asubuhi.

Polepole mambo yakaanza kuharibika. Alitia chumvi mara mbili kwenye pondu, mboga ya majani ya muhogo, akamgombeza Glodie kwamba ndiye aliyetia. Aliita wateja kwa majina ya ndugu zao. Kichwa kilimuuma kuanzia saa nne asubuhi, moyo ulimwenda mbio amekaa tu, na jambo dogo lilimtoa machozi au matusi, hajui kipi kitatangulia. Alikwenda kwenye zahanati ya mtaa, kwa muuguzi Mama Hélène.

"Unakula?" Mama Hélène aliuliza.

"Nakula kidogo."

"Unalala?"

"Nalala. Saa mbili kamili mi niko kitandani."

Basi Mama Hélène akasema hiyo ni palu, malaria kama mnavyoita wengine, akampa dawa ya kinini. Kinini kikamtia mlio masikioni, na sasa usiku alikuwa anasikiliza magari, mbwa, na mlio wake mwenyewe. Alirudi mara ya pili, akaulizwa yaleyale, akajibu yaleyale, akapewa kinini tena. Hakuna aliyedanganya. Aliulizwa kama analala, naye kweli alikuwa analala, chali, macho kwenye bati.

Ndivyo alivyokuwa mwezi wa Februari, Papa Ezéchiel Kataliko aliposafiri.

Papa Ezéchiel alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka la sabuni na chumvi Makiso, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Malori hayakupita tena njia ya msituni, kwa hiyo wafanyabiashara walisukuma mizigo kwa kinga, ndiyo baiskeli, siku nyingi kwa miguu, kwenda Butembo na kurudi, kupitia Bafwasende. Mke wake, Mama Kyakimwa, alikuja benchini kila asubuhi na kitambaa chake cheupe kichwani, na chini ya kitambaa nywele zilizosukwa vizuri ambazo mtaa mzima ulizisifu. Yeye na Adeline waliimba pamoja kanisani. Waliitana dada.

Jumanne moja mvua ilikuwa inakuja, na foni ilikuwa inakoroma vibaya. Mama Kyakimwa alikuwa bado hajafika. Bafwasende ikaita. Kule anayeshika foni alikuwa Ruffin, kijana wa watu lakini mchoyo wa maneno, daima anaogopa betri yake itakwisha. Alisema:

"Kwa Mama Kyakimwa. Papa Ezéchiel alilala Bafwasende." Hapo ikakoroma kwa muda mrefu. Kisha: "Wasimungoje."

Mkono wa Adeline ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kujibu. Kurudia mara tatu, ndiyo desturi, ndiyo kazi yake ya miaka minne, na hakurudia. Arudie nini? Kichwa chake kilikuwa kimeshamaliza. Kilikuwa kimeshaona msitu, bunduki, kinga imelala kando ya njia na sabuni zimemwagika matopeni. Alisema tu, "Imefika," akazima, akamwambia Papa Emile afunge mlango.

Alikwenda kwa kaka mkubwa wa Papa Ezéchiel na kumwambia polepole, kama inavyotakiwa. Mvua ikanyesha. Kufikia saa tisa turubai lilikuwa limefungwa uani, mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa chini, na shangazi mmoja alikuwa amemketisha Mama Kyakimwa kwenye kiti kidogo na kumnyoa kichwa chote. Adeline alimshika mabega wakati wembe unapita. Nywele zilianguka kwenye miguu yao wote wawili.

Siku tatu mvua haikuacha, na betri ya Ruffin, inayochajiwa kwa jua, ilikuwa kimya. Siku ya nne ikaita. Wazee wa familia walijaa chumba cha foni kuuliza habari za mwili, umezikwa wapi, nani alisali. Mama Kyakimwa alikaa benchini amefunga kitenge cheusi kichwani. Adeline alibonyeza.

"Ruffin, familia inauliza mwili wa papa uko wapi."

"Mwili gani?"

"Wa Papa Ezéchiel."

Hapo Ruffin, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisema maneno mengi. "Mama Adeline, papa alilala hapa usiku mbili tu. Fourche ya kinga yake, ule uma wa mbele, ilivunjika, nilisema vile, nilisema atachelewa, wasimungoje dimanche kanisani. Alipata fourche ingine, akaenda zake kesho yake, mercredi. Alienda anaimba."

Hakuna aliyecheka. Watu wamelicheka jambo hilo baadaye, mpaka leo wanalicheka, lakini siku ile hakuna. Mama Kyakimwa alipandisha mkono taratibu, akaugusa upara wake juu ya kitenge, akaushusha.

"Adeline," alisema, "nilinyoa nywele."

"Dada, nisamehe."

"Nilimzika mume wangu ndani ya roho. Siku nne nilimzika. Sauti yako nisiisikie tena."

Papa Ezéchiel alifika siku tano baadaye, akakuta viti vya kukodi bado viko uani, akauliza nani amekufa, na mtoto mmoja akamwonyesha kidole. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, akaomba apewe nyama ya matanga yake iliyobaki. Ndivyo alivyo. Lakini mke wake hakucheka naye, na tangu siku hiyo alipeleka maneno yake kwa foni nyingine ng'ambo ya soko.

Papa Emile hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Adeline asubuhi, benchi likiwa bado tupu.

"Kichwa chako ndicho foni yangu," alisema. "Chombo hiki bila kichwa chako ni bati. Bon, sawa. Nenda nyumbani majuma matatu. Ukirudi mzima, kiti ni chako. Ukirudi hivi, nitatafuta mwingine, na itaniuma."

Adeline alikwenda moja kwa moja zahanati. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama Hélène, nilitangaza kifo cha mtu aliye hai. Usinipe kinini."

Mama Hélène alimkalisha kwa nguvu, akamfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama namba, akapima tena. Kumi na sita kwa kumi, yaani mia na sitini kwa mia. Mwanamke wa miaka thelathini na sita. Akavua miwani.

"Unalala?"

"Nalala, si nilikuambia?"

Mama Hélène akauliza kwa namna nyingine, kwa neno la Kilingala tunalotumia sote hapa kwa usingizi wenyewe. "Kulala, sawa. Na mpongi? Mpongi inakujaka saa ngapi?"

Adeline alihesabu miezi kwa vidole. "Mpongi," alisema, "haijakuja toka Juni."

"Toka Juni." Mama Hélène aliweka kalamu chini. "Mi ndiye nilikuuliza vibaya. Mara mbili."

Akamweleza, naye alieleza vizuri, hilo tumpe. Alisema katika siku zile sita ubongo ulijipa zamu ya ulinzi, na ulifanya kazi nzuri, maana Glodie yuko hai. Lakini hakuna aliyekuja kuuambia zamu imekwisha. Kwa hiyo kila usiku unakesha na bunduki mkononi, unausukuma moyo ukimbie, unapandisha presha, unaukaza mwili kwa adui ambaye hayupo. Na kazi nyingine ya usiku haifanyiki. "Mtu akisinzia kweli," alisema, "kichwa kinapanga mambo ya mchana. Hili la kuweka, hili la kutupa. Mume wako ni mtoto wa wavuvi. Samaki wa jana, wa juzi, wa juma lililopita, hakuna aliyewatoa matumbo, wamejaa kwenye kikapu. Utamchagua vipi mzuri?"

"Lakini nilisikia, mama. Masikio yangu yalisikia."

"Yalisikia. Ruffin alikupa neno lenye njia mbili. Kichwa kilichopumzika kinasimama kwenye njia panda kinauliza. Kichwa chenye hofu na kisicholala kinashika ile mbaya, mbio, kwa sababu kinadhani kinakuokoa. Hukukosa akili, Adeline. Ulikosa usingizi."

Hapo Adeline alilia, na hakuona haya. Kwa miezi minane alidhani kichwa chake, kitu pekee alichojivunia duniani, kilikuwa kinakufa.

Dawa za usingizi mjini hazikuwepo, na Mama Hélène alisema hata zingekuwepo asingeanza nazo. Aache ile kahawa kali ya kwao Butembo baada ya saa sita mchana. Aamke saa ileile kila siku, amesinzia au hajasinzia. Asilale kitandani kusikiliza. Macho yakikataa, ainuke, ashone, akunje nguo, mpaka mwili wenyewe uombe. Atembee kwa miguu mchana, jua limwone. Arudi kila juma apimwe. "Na mahali," aliongeza. "Tafuta mahali ambapo masikio yako hayana kazi."

Adeline alimsimulia Octave jioni ile. Octave alikuna kidevu, akasema kana kwamba ni jambo la wazi tangu zamani, "Twende kwa mama."

Nyumba ya mama yake Octave iko kwenye kijiji cha wavuvi, hatua chache kutoka maporomoko, pale wanaume wanapofunga miti mikubwa kwa kamba za msituni katikati ya maji na kuning'iniza vikapu vyao. Ukifika pale mara ya kwanza unadhani watu wanagombana, kwa vile kila mmoja anapaza sauti. Maji hayanyamazi. Mchana, usiku, masika, kiangazi, ni ngurumo ileile. Wakati wa uchumba Adeline alikuwa akipachukia kwa sababu hiyo hasa.

Usiku wa kwanza alilala chali, akategesha masikio kama kawaida yake, na hakusikia kitu. Hakuna mbwa, hakuna lori, hakuna buti. Maji tu. Alikasirika, akajaribu zaidi, akainuka, akakunja nguo za watu wote nyumbani, akarudi. Usiku wa pili ulikuwa hivyohivyo, na asubuhi alitaka kurudi mjini. Mama mkwe alimpa ndizi za kumenya, akamwambia kwa sauti ya kushinda maji, "Hapa hata mimi sisikii wezi, binti yangu. Nitakesha kwa faida gani?"

Usiku wa nne masikio yalichoka kutafuta. Adeline hakumbuki lilivyotokea. Anakumbuka tu kwamba Glodie alikuwa anamvuta mguu, jua limefika katikati ya ua, na mate yamelowesha mto. Octave alikuwa amesimama mlangoni akicheka na hakujaribu kuficha. Wifi zake wakampa jina jipya, Mama Gogo, maana walisema amelala kama gogo, naye aliwaacha waseme.

Haikuwa kila usiku, tusidanganyane. Kuna usiku moyo uliruka tena. Lakini baada ya majuma mawili alianza kukumbuka nyimbo nzima, ubeti kwa ubeti. Juma la tatu Mama Hélène alipima akakuta kumi na tatu kwa nane, akapima tena kwa kufurahi tu. Adeline akarudi kwenye kiti chake. Walihamia kwa mama mkwe moja kwa moja, na kila asubuhi alichukua toleka mpaka Makiso.

Papa Emile, aliyekuwa ameshika foni peke yake siku zote hizo na kukosana na nusu ya mji, alimpisha kabla hajasalimiwa.

Watu walirudi benchini wakimchungulia, maana habari za usingizi wake zilikuwa zimeenea mtaa mzima. Mwezi mzima alifanya kazi bila kosa, na bado mahali pa Mama Kyakimwa palikuwa wazi. Kisha Papa Ezéchiel akasafiri tena, na siku ya saba zikaja habari kwamba kumepigwa risasi upande wa Bafwasende. Foni ya ng'ambo ya soko ilikuwa imeungua. Saa tano asubuhi Mama Kyakimwa aliingia, hakuna kitambaa, nywele zimeota urefu wa kidole kimoja. Hakusalimia. Alikaa.

Adeline aliita Bafwasende. Aliita mara sita ndipo Ruffin alipojibu, mbali, foni ikikoroma.

"Ruffin, natafuta habari za Papa Ezéchiel Kataliko."

"Iko analala," alisema Ruffin.

Benchi lote liliacha kupumua. Mama Kyakimwa alifumba macho. Adeline alihisi moyo wake unapiga pigo moja kubwa, na ile picha ikaja, msitu, kinga, matope. Aliitazama picha hiyo, akaitambua kuwa ni ile hofu ya Juni, akaiacha pale ilipo. Akabonyeza kitufe.

"Rudia."

"Iko analala."

"Analala wapi?"

"Hapa kwangu, nyuma ya meza. Kwenye mkeka."

"Unamwona na macho yako?"

"Namuona. Anakoroma. Mama Adeline, betri..."

"Mwamshe."

"Alifika saa kumi ya asubuhi, alichoka sana, alisema mutu asimuguse..."

"Ruffin," alisema Adeline, ile sauti nzito, isiyoharakishwa na mtu, "mwamshe."

Walingoja. Foni ilikoroma. Kisha ikasikika sauti nene, kavu, ya mtu aliyeonewa.

"Nani ananiamsha? Nimesukuma kinga siku saba."

Adeline alisukuma kiti nyuma, akamwachia Mama Kyakimwa nafasi, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Mama Kyakimwa aliinama juu ya meza. Akabonyeza.

"Ni mimi," alisema. "Rudi ulale, papa."

Akaachia kitufe, akafuta uso kwa kiganja, akabaki ameinama hapo karibu na Adeline kuliko alivyowahi kuwa tangu siku ya wembe.

"Na wewe," aliuliza bila kumtazama, "jana ulilala?"

"Nililala, dada."

"Mpongi ilikuja?"

"Ilikuja."